Nilipotaka Kuandika Historia ya Maktaba Yetu

Soko la Lamu limeegemea ubavu wa Ngome. Ukitumwa nyanya na bamia, unaporudi huna budi kupita chini ya ukuta ule mkubwa, punda wamejazana kivulini, na mlango uko wazi. Ndivyo nilivyoingia mara ya kwanza, nikiwa darasa la sita, kikapu mkononi, nikikimbia jua la saa saba. Ndani nilikuta ua mpana usio na paa, vyumba vimeuzunguka, na katika kimojawapo watu wameinamia vitabu. Sikujua kwamba pale ni maktaba. Niliona tu kwamba kuna ubaridi, na kwamba hakuna aliyeniuliza nimefuata nini.

Kwa mtoto wa kike wa Lamu, kutoulizwa huko kulikuwa na thamani yake. Wanaume wa mji wetu wana baraza. Wana Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome, wana viti vya saruji chini ya miti, wana kahawa chungu na bao na habari za dunia nzima. Sisi tulikuwa na nyumba, ua wa jirani, shule na chuo cha Kurani. Nje ya hapo hapakuwa na mahali ambapo msichana angeketi saa nzima bila shughuli, mtu asimuulize, "Weye ni binti wa nani, wangoja nini?" Ngomeni niliweza. Mama akiniuliza nilikuwa wapi, nikijibu "Ngomeni, nasoma," yalikuwa yamekwisha. Sikuwa nasoma kila siku. Siku nyingine nililala usingizi juu ya atlasi.

Nilipofika kidato cha pili mwalimu alitupa insha: andika kuhusu jengo moja la mji wako. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa bila kujua, maana hadithi hii kila mtoto wa Lamu anayo kichwani. Wapate, watu wa kisiwa cha Pate, na Mazrui, watawala wa Mombasa, walikuja kutupiga, wakashuka Shela, kijiji jirani cha kusini, mwaka 1812, wengine husema 1813. Maji yakakupwa, vyombo vyao vikakwama mchangani, wakashindwa vibaya. Wakubwa wa Lamu, wakihofia kisasi, wakamwendea Sayyid Said wa Oman awape ulinzi, naye akaleta liwali na askari. Ngome ikajengwa, ikamalizika 1821. Mwaka 1910 Waingereza wakaifanya jela, na Kenya huru ikairithi jela ile ile mpaka 1984, ilipokabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Ikakarabatiwa, ikawa mahali pa maonyesho na maktaba.

Hayo niliyaandika kwa mwandiko mzuri, kisha nikamalizia kwa sentensi niliyojivunia kwa miaka mingi: kwamba minyororo imegeuka kurasa. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, nikapigiwa makofi.

Sentensi ile ndiyo iliyonipotosha, ingawa sikuitambua hadi nilipokuwa mtu mzima. Nilikwenda nayo mpaka Nairobi. Huko, nikiwa chuo kikuu, nilizoea kwenda kusoma McMillan, maktaba ya katikati ya jiji yenye simba wa mawe mlangoni, iliyojengwa na mjane wa mlowezi McMillan kwa kumbukumbu ya mumewe, ikafunguliwa mwaka 1931. Jengo zuri, dari la juu, nguzo kama za Wagiriki. Siku moja nikaelezwa kwamba kwa miaka mingi ya mwanzo Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi nikawaza: hii ilijengwa iwe maktaba tangu jiwe la kwanza, na ilitufungia mlango. Ile ya kwetu ilijengwa kwa askari, ikawa jela, na iliniruhusu kuingia na nyanya zangu. Nikaona hapo pana kitabu kizima. Nikaamua nitakiandika, na mwisho wake ungekuwa ile sentensi yangu.

Kabla sijaanza, niliharibu.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa boriti. Kwa wasiojua, Lamu iliishi kwa mikoko. Miti ilikatwa katika mikono ya bahari, ikapangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kila aina ilihesabiwa kwa korija, mti ishirini ishirini, kisha ikapakiwa majahazini ikapelekwa Uarabuni na Ghuba kuezekea nyumba za watu. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza mikoko nje, na kazi ya baba ikawa ya kubahatisha. Alibaki akiwahesabia mafundi wa humu humu mjini. Alipofariki aliacha madaftari manne yenye jalada jeusi, nasi tukayaweka katika zidaka za chumba chake, zile rafu zilizochongwa ndani ya ukuta, pamoja na msahafu wake na vitabu vyangu vya shule.

Nilipopata mshahara wa kwanza nikarudi nyumbani nikitaka kumfurahisha mama. Ukuta wa chumba cha baba ulikuwa unamwaga mchanga. Ukiuegemea, nguo inatoka nyeupe. Nikatafuta fundi, si wa kwetu, kijana aliyekuwa akipita akitafuta kazi, nikanunua saruji mifuko miwili na rangi ya mafuta. Kwa siku tatu chumba kikawa laini kama sahani. Mama alifurahi. Majirani walikuja kutazama.

Babu mzaa mama alikuja vilevile. Alikuwa mwashi, mtu wa chokaa, na miaka yake ilikuwa inakaribia themanini. Aliupapasa ukuta, akaugonga kwa vifundo vya vidole, akasikiliza. Akasema neno moja: "Umeuziba." Akaomba chai.

Masika yalipokuja ule ukuta ulianza kututumka kama ngozi iliyoungua. Chumvi nyeupe ikatoka kwenye nyufa, laini kama unga wa ngano, kisha saruji ikabanduka vipande vipande, na kila kipande kikaja na jiwe lake. Tulipokwenda kutoa vitabu kwenye zidaka tulikuta vile vilivyogusa ukuta vimeota ukungu mweusi. Msahafu tuliunusuru, kwa sababu ulikuwa umefungwa kitambaa na kuwekwa juu kabisa. Madaftari mawili ya baba yalikuwa yamekuwa tofali. Karatasi zimeshikana, wino umetembea. Ukijaribu kufungua ukurasa unatoka na nusu ya mwenzake.

Ndipo babu akanifundisha, kwa kuwa sasa nilikuwa na masikio. Ukuta wa Lamu ni jiwe la matumbawe na chokaa, na jiwe hilo lilizaliwa baharini. Lina chumvi yake na lina matundu. Maji huyavuta kutoka chini kama utambi unavyovuta mafuta. Chokaa huyaruhusu yatoke taratibu, jua likachukua, ukuta ukakauka. Ndiyo maana plasta ya chokaa humwaga mchanga kila baada ya miaka. Inajitoa yenyewe badala ya jiwe, na mwenye nyumba hupaka nyingine. Saruji haitoi njia. Maji yakikosa kutokea mbele hutafuta pengine, na mimi nilikuwa nimeyafungia njia zote isipokuwa nyuma ya vitabu vya baba.

Na chokaa yenyewe si ya haraka. Matumbawe hupangwa juu ya magogo, yakachomwa mpaka yawe meupe na mepesi, kisha hutiwa maji yakavimba na kupasuka, halafu rundo huachwa lilale. Wiki kadhaa ni lazima. Mwashi mwenye heshima huacha miezi, linyeshewe na kupigwa jua. Nilimuuliza babu kama hakuna namna ya kufupisha. Akaniambia ipo, ndiyo niliyoitumia.

Tulikwangua saruji yote. Chumba kilikaa uchi msimu mzima kikitoa maji kabla ya kupakwa upya. Mama alilalamika sana, na alikuwa na haki.

Baada ya hapo, nikiwa na likizo ndefu, nilianza ile historia. Nilinunua daftari jipya, nikaandika maswali ishirini, nikaanza kuzunguka kwa wazee. Ngome ilianza kujengwa mwaka gani? Mkuu wa jela wa kwanza alikuwa nani? Jela iliondoka mwezi gani? Maktaba ilifunguliwa tarehe ngapi? Wazee wa Lamu wana adabu, hawakufukuzi. Walinijibu. Kwa siku kumi nilijaza kurasa, na nilipozisoma nikaona nimeandikiwa yale yale yaliyo kwenye mabango ya makumbusho. Mzee mmoja alinipa mwaka ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimemtajia jirani yake siku moja kabla. Ulikuwa umezunguka mtaa, ukanirudia umevaa kilemba.

Shangazi yangu ndiye aliyenikanya. Alinisikia nikimhoji bibi wa nyumba ya pili, akaniita jikoni. "Wamuuliza mwaka, na mwaka si wake. Muulize chake."

Nikaacha karatasi nyumbani. Nikaanza kuuliza: mlipokuwa watoto mlicheza wapi? Nani alikatazwa kupita wapi? Hapo mambo yakafunguka. Bibi yule akaniambia kwamba nyanya yake alimsimulia kuwa bahari ilikuwa ikifika Usita wa Mui, ile njia kuu ambayo leo ina maduka pande zote mbili, na kwamba Ngome ilikuwa imesimama karibu na maji. Nyumba zote za mbele yake, na gati, na hoteli za wageni, zimekalia nchi iliyojazwa baadaye. Nilikuwa nimepita pale maisha yangu yote nikijiuliza kwa nini watu wajenge ngome ya kulinda bahari kisha waiweke nyuma ya maduka. Haikuwekwa nyuma. Mji ndio uliotoka ukaitangulia.

Mwingine aliniambia jinsi wafungwa walivyotoka asubuhi kufagia njia, na watoto walivyofundishwa kutowatazama usoni, kwa sababu mmoja wao angeweza kuwa mjomba wako, na kumtazama ni kumuaibisha. Mwingine, mke wa nahodha, alisema kwamba katika utoto wake neno lenyewe "Ngome" halikutumika sana. Watu walisema "gerezani", na ukimtisha mtoto ulimtisha kwa gereza.

Neno hilo lilinishughulisha kwa siku kadhaa, na nitaomba radhi kwa kuchepuka. Gereza tumelipata kwa Wareno. Kwao *igreja* ni kanisa. Wareno walipofika pwani hii walijenga makanisa na maboma, na baada ya muda Waswahili wakaliita boma lenyewe gereza. Magofu ya ngome ya Kilwa Kisiwani yanaitwa Gereza hadi leo, wala hayahusiani na polisi. Ngome Kongwe ya Unguja imejengwa mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Halafu maboma yakageuzwa jela moja baada ya jingine. Fort Jesus ya Mombasa ilikuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Basi neno likahama nayo: kutoka nyumba ya sala, likawa nyumba ya mizinga, likawa nyumba ya kufuli. Mimi niliyekuwa nimeandika kwamba jengo letu limegeuka mara moja tu, kutoka giza kwenda nuru, nikaona kumbe hata jina lake lilikuwa limegeuka mara mbili kabla ya kufika kwetu, na hakuna aliyekuwa ameandika insha.

Kwa babu nilikwenda mwisho. Nilidhani nimekwisha kumsikia. Nikamuuliza kazi gani ilikuwa ngumu kuliko zote alizofanya. Akasema, "Ngome, tulipoirekebisha jela ilipoondoka." Nilikuwa sijui kwamba alikuwamo. Mtu huyu amenilea, amekula mezani kwetu kila Ijumaa, na katika maswali yangu ishirini hakuna hata moja lililokuwa limemgusa.

Akanieleza jinsi kuta zilivyokuwa zimepakwa rangi juu ya rangi, tabaka za miaka ya jela, na walivyokuwa wakibandua mpaka wakakuta jiwe. Akaniambia kwa nini vyumba vya kale vya Lamu ni virefu na vyembamba, jambo ambalo kila msomaji wa maktaba yetu amelilalamikia, maana huwezi kupanga meza mbili bega kwa bega mtu akapata pa kupita. Dari la kwetu ni mawe na chokaa juu ya boriti, na uzito ule boriti huubeba bila kupinda kwa upana usiofika mita tatu. Zaidi ya hapo inalala. Basi ukitaka chumba kikubwa unakiongeza urefu, upana haukubali. Mkoko ndio uliopima chumba kabla ya mwenye nyumba. Nikakumbuka majahazi ya boriti yaliyokwenda Ghuba, nikawaza kwamba huko nako watu waliishi katika vyumba vya kipimo hicho hicho, wakisukumana mabega kama sisi.

Nikamuuliza: boriti za kazi ile zilitoka wapi, ngapi, na kwa mwezi gani? Nilikuwa nimerudi kwenye tabia yangu ya nambari, lakini safari hii alikuwa na jibu.

"Mimi sikuhesabu," akasema. "Aliyehesabu ni babako. Aliandika kila korija iliyopita mkononi mwake. Yamo katika madaftari yake."

Aliyajua madaftari. Alikuwa amesimama mlangoni siku tuliyoyatoa. Nadhani alitaka niyataje mwenyewe, nami sikuyataja. Tulinyamaza, kisha akaanza kueleza habari ya ngazi.

Yale mawili yaliyosalimika niliyasoma usiku ule, ukurasa kwa ukurasa. Ni ya miaka ya nyuma, ya majahazi. Kipindi cha ukarabati kilikuwa ndani ya yale mengine.

Kwa muda niliacha kazi ile. Sikuwa na hamu. Niliendelea kwenda Ngomeni kusoma kila nilipokuwa nyumbani, lakini nikawa naona ukuta badala ya kitabu. Vitabu vyenyewe, nikiri, vinapenda na havipendi mahali kama pale. Ukuta mnene unaweka ubaridi, na ubaridi ni mzuri kwa karatasi. Lakini hewa ya bahari ni ile ile, na dirisha la ngome lilitengenezwa kwa jicho la mlinzi, si kwa msomaji. Ukitaka mwanga unaufuata, unahama na kiti.

Hapo mbele, Mkunguni, huketi mzee ninayemwita ami. Si ndugu wa damu. Alikuwa rafiki wa baba. Kiti chake kinajulikana, kile kinachotazama mlango wa Ngome. Kila nikitoka humshika mkono na kuubusu, naye huniuliza nimesoma nini, nami humweleza: kama ni habari za samaki, za samaki, kama ni za wafalme, za wafalme. Ni msikilizaji mzuri, na hukumbuka. Siku moja nikamwambia: "Ami, kwa nini usiingie ukasoma mwenyewe? Miwani unayo."

"Nimeshaingia," akasema.

Nilichukua muda kuelewa. Alipoona nimeelewa akatabasamu ili nisione haya. Kosa lake sitaliandika. Lilikuwa dogo, na ameniomba libaki alikoliacha. Alifungwa siku arubaini. Kwa kujitetea, nikitafuta la kusema, nikamtolea ile sentensi yangu ya kidato cha pili, kwamba leo minyororo imegeuka kurasa.

"Minyororo ipi?" akauliza. Alikuwa anashangaa kweli. "Hatukufungwa minyororo. Tulipewa fagio."

Akacheka. Mimi nikataka ardhi inimeze. Miaka yote ile, na sikuwahi kumuuliza mtu kama minyororo ilikuwapo. Niliiweka pale kwa sababu ilipendeza ikikaa karibu na kurasa.

Baadaye, kahawa imekwisha kupita mara mbili kwa wanaume waliokuwa wakicheza bao, akaniuliza yeye: "Vitabu wameviweka chumba kipi?" Nikamwelekeza: ukiingia, geuka hivi, pita hapa. Akafumba macho kufuata njia.

"Mle mtukaapo, mna dirisha jembamba latazama Shela?"

"Ndimo."

"Jua laingia pale saa mbili na nusu asubuhi. Latua ukutani, upana wa kitambaa cha mkononi, halafu laondoka. Nalikuwa nikilingoja."

Kesho yake niliwahi. Niliketi chini ya dirisha lile kuanzia mlango ulipofunguliwa. Saa mbili na nusu ikafika, ikapita, ikawa saa tatu. Mwanga ulikuwapo, wa kijivu, wa kuzunguka tu. Jua lenyewe halikugusa ukuta. Nilikwenda siku ya pili, nikakuta vilevile. Nikahuzunika, nikadhani uzee umemchanganyia vyumba, au kwamba nuru ile aliiongeza mwenyewe ili siku ziende, na nani angemlaumu?

Sikutaka kumwambia, lakini aliniuliza. Nikamwambia halikuja.

Ami akanitazama jinsi mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyekaribia. "Huu ni mwezi gani?"

"Wa sita."

"Ni kusi. Mimi nalikuwa mle kaskazi."

Mtu wa pwani, mtoto wa karani wa majahazi, nilihitaji kuambiwa hilo. Wakati wa kusi, upepo wa katikati ya mwaka, jua letu huchomoza limesogea upande wa Mkanda, mlango wa bahari ulio kaskazini mwa mji, na dirisha linalotazama Shela halilioni. Kaskazi inapovuma, kuanzia mwezi wa kumi na mbili, jua huchomoza limehamia upande wa Shela, likiwa chini bado, na hapo huweza kupenya unene wa ukuta ule. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama anakumbuka lilikuwa kaskazi la mwaka gani. Nilijua nimeshakanywa kuhusu swali hilo.

"Mwaka siujui. Bendera ilikuwa mpya. Tuliifagilia njia."

Bendera mpya ni Desemba 1963. Nilifungua daftari langu, lile la maswali ishirini, nikaandika mstari mmoja: chumba cha dirisha la Shela kilitumika kufungia watu, kati ya Desemba 1963 na Machi 1964. Katika daftari zima ndio mstari pekee ambao sikuwa nimeuona kwenye bango lolote, na sikuupata kwa kuuliza lini.

Nikarudi kazini. Mwezi wa kwanza nikaomba ruhusa ya siku nne, nikapanda basi hadi Mokowe na mashua hadi gatini. Asubuhi nikawahi Ngomeni na kuketi mahali pale pale. Saa mbili na nusu kasoro hapakuwa na kitu. Kisha, juu karibu na dari, pakaonekana alama ya mwanga, nyembamba, ya njano. Ikashuka polepole ikijipanua mpaka ikawa upana wa kiganja, ikapita juu ya plasta ya chokaa yenye mikwaruzo, ikaufikia mgongo wa atlasi, pengine ile ile niliyoilalia, ikafifia. Muda wote haukupita wa mtu kunywa vikombe viwili vya kahawa. Kijana aliyekuwa meza ya pili hakuinua kichwa.

Nilitoka. Ami alikuwa kitini kwake na kofia yake ya vito, ananisubiri, ingawa sikuwa nimemwambia nakuja. Kabla sijamshika mkono akauliza, "Umeliona?"

"Nimeliona, ami."

"Bado laanzia juu?"

"Laanzia juu, lashuka."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasogea pembeni ya kiti chake cha saruji, akampungia muuza kahawa, akainua vidole viwili. Wacheza bao waligeuka kutazama. Nikaketi.